Kiti alichokiacha Imamu Ghazali

MIAKA michache iliyopita msikiti wa mtaani kwetu uliingia katika uchaguzi wa kamati. Anayeishi mjini anajua maana ya maneno hayo. Msikiti ule una fremu za maduka upande wa barabarani, fremu zina kodi, na kodi ina maneno. Wapo waliosema kamati iliyopo haisomi mapato na matumizi. Wapo waliojibu kwamba wanaosema hivyo wanazitaka fremu wao. Makundi yakawa mawili, salamu zikapungua, na watu waliozoea kuswali bega kwa bega wakaanza kuchagua safu kwa kuangalia nani amesimama wapi.

Nami nilikuwamo. Jina langu lilitajwa katika nafasi ya uenyekiti. Sikujitaja mwenyewe, lakini nisiidanganye nafsi yangu wala msomaji: nilipotajwa nilifurahi, na niliporudi nyumbani nilimsimulia mke wangu habari hiyo mara mbili katika usiku mmoja.

Siku kama kumi kabla ya mkutano, kundi letu lilikaa barazani kwa mwenzetu mmoja baada ya swala ya Isha. Tulikuwa watu tisa. Tulihesabu nani yuko upande wetu, nani anayumba, na nani aendewe kesho kabla hajaendewa na wenzetu wa upande wa pili. Kahawa ililetwa, ikaisha, ikaletwa tena. Tukaachana saa saba na nusu usiku. Kutoka mlangoni kwangu hadi msikitini ni hatua zisizofika mia mbili. Adhana ya Alfajiri niliisikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni nifumbe macho dakika mbili tu. Nilipoyafumbua, jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la jirani.

Adhuhuri nilikwenda. Mlangoni nilimkuta mzee anayefungua msikiti na kujaza maji ya kutawadhia, mtu asiyegombea chochote na ambaye hakuna kundi lililomhesabu. Alinisalimia kwa upole kama kawaida yake, akanijulia hali ya watoto, kisha akaniambia kwamba Alfajiri ile hata safu moja haikutimia, na kwamba katika wote waliotajwa kugombea, wa upande huu na wa upande ule, hakumwona hata mmoja. Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa anatoa habari tu, kama mtu anavyosema kwamba jana mvua ilinyesha.

Jioni ile sikwenda barazani. Nilibaki nyumbani, nikatoa kabatini vitabu vyangu vya zamani, nikasoma upya maisha ya mtu aliyewahi kukalia kiti kikubwa kuliko kiti chochote tunachogombania sisi, kisha akakiacha kwa miguu yake mwenyewe. Mtu huyo ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, ambaye Waislamu wamemwita Hujjatul Islam. Ndugu msomaji, naomba nikusimulie maisha yake kama nilivyoyaelewa usiku ule, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma ujanani na nikadhani nimeyaelewa, kumbe sikuwa nimeelewa kitu.

Imamu Ghazali alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, karibu na ulipo leo mji wa Mashhad kaskazini mashariki mwa Iran. Mwaka unaotajwa na wengi ni 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba baba yake alikuwa fukara anayesokota sufi na kuiuza katika kiduka chake. Mzee yule hakusoma, lakini alipenda sana kukaa katika darsa za maulamaa, na akiwasikiliza alikuwa akilia na kumwomba Mwenyezi Mungu amruzuku mtoto mwenye elimu. Alipohisi mauti yanamkaribia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, ili wasomeshwe.

Akiba ile iliisha. Rafiki naye alikuwa fukara, akawaambia vijana ukweli kwamba hana tena cha kuwalisha, na akawashauri wajiunge na madrasa ambako mwanafunzi hupewa posho ya chakula. Ndivyo walivyofanya. Imamu mwenyewe baadaye hakuona haya kukiri kwamba waliingia katika elimu kwa ajili ya tumbo, lakini elimu yenyewe ikakataa kubaki huko. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo swali litakalomfuata maisha yake yote: unalolifanya, unalifanya kwa ajili ya nani?

Alisoma Tus, kisha akasafiri hadi Jurjan. Inasimuliwa kwamba akiwa njiani kurejea kwao, msafara ulivamiwa na majambazi, wakachukua kila kitu pamoja na mfuko uliokuwa na madaftari yake. Kijana akamfuata mkuu wa majambazi, akamsihi amrudishie karatasi zile kwa kuwa ndani yake mna elimu yote aliyoihama nyumba kuitafuta. Jambazi alicheka. Alimuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwizi akichukua mfuko, mwenyewe anabaki hana kitu. Akamrudishia. Ghazali alifika Tus, akajifungia na madaftari yale kwa miaka mitatu hadi akayahifadhi yote, ili asije tena mtu akamnyang'anya elimu yake njiani. Huo ulikuwa ukali wake kwa nafsi yake tangu ujana.

Kutoka hapo alikwenda Nishapur kwa mwanachuoni mkubwa wa zama zile, Imamul Haramayn al-Juwayni, akawa katika wanafunzi wake wa mbele hadi mwalimu alipofariki mwaka 478 Hijria (1085). Baada ya msiba ule alikwenda kwenye kambi ya Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki. Baraza la waziri huyu lilikuwa uwanja wa maulamaa kushindana kwa hoja, na Ghazali aliwashinda. Mwaka 484 Hijria (1091) waziri akamteua kuwa mudaris wa Nizamiyya ya Baghdad, chuo alichokijenga mwenyewe na ambacho hakukuwa na kiti cha kufundishia chenye heshima kuzidi chake. Ghazali alikuwa na umri wa miaka 33 kwa hesabu ya Miladia.

Hebu tuitazame hali yake pale Baghdad. Wanafunzi 300 walikuwa chini ya mikono yake. Mawaziri na maamiri walimwendea kwa ushauri. Inasimuliwa kwamba siku alipoingia mjini, watu waliyakadiria mavazi yake na mnyama aliyempanda, wakaona vinafika dinari 500. Aidha, hakuwa mvivu aliyelala juu ya cheo. Kati ya darsa na darsa, katika saa alizoziiba kutoka kwenye kazi zake, aliisoma falsafa peke yake bila mwalimu kwa muda usiofika miaka miwili, kisha akaitafakari kwa karibu mwaka mwingine. Akaandika kitabu kinachoeleza makusudio ya wanafalsafa, kisha akaandika kingine, Tahafut al-Falasifa, cha kuwavunja.

Hapa ndipo nilipofunga kitabu kwanza usiku ule. Sisi tunapozungumzia kuidhibiti nafsi, tunafikiri habari ya kuamka mapema, kupanga saa, kumaliza kazi, kutopoteza muda kwenye simu. Yote hayo Ghazali alikuwa nayo. Kwa kipimo chetu hakuwa na upungufu wowote: alikuwa na ratiba, bidii, elimu, cheo na kipato. Semina nyingi za mafanikio zinazofanyika katika kumbi za mji huu zinaishia hapo hapo. Zinamwahidi mtu kwamba akijipanga atafika Baghdad. Haziulizi atafanya nini akishafika.

Yakatokea mambo. Mwaka 485 Hijria (1092), katika mwezi wa Ramadhani, Nizam al-Mulk aliuawa. Wiki chache baadaye Sultani Malik Shah naye akafariki. Wanawe wakaanza kupigania ufalme. Wanahistoria wengine wanadhani misukosuko hiyo ya kisiasa ilikuwa na sehemu katika uamuzi wa Ghazali, na sioni ajabu kwamba mtu aliyeshuhudia wakubwa wawili wa dunia yake wakiondoka ndani ya mwaka mmoja atajiuliza cheo kinamshikia nini. Lakini maelezo aliyoyaacha mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal, alichokiandika katika miaka yake ya mwisho, yanaelekea ndani zaidi.

Anaeleza kwamba aliitazama hali yake akaona amezungukwa na vifungo pande zote. Akaitazama kazi yake iliyo bora kuliko zote, yaani kufundisha, akaona anafundisha elimu zisizo na uzito katika safari ya Akhera. Kisha akaitazama nia yake katika kufundisha, akaona si safi kwa ajili ya Allah, bali kinachomsukuma ni kutafuta jaha na jina. Akajiona amesimama ukingoni mwa shimo.

Msomaji angetarajia kwamba mtu mwenye elimu kama ile, akishaiona hatari, ataondoka siku hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Kuanzia mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria (1095), kwa karibu miezi sita, Hujjatul Islam alikuwa akiazimia asubuhi na kutengua jioni. Anaweka mguu mmoja mbele, anarudisha mwingine nyuma. Upande mmoja alisikia mwito wa kuondoka, kwamba umri uliobaki ni mfupi na safari ni ndefu. Upande wa pili shetani akimwambia kwamba hali hiyo itapita, na kwamba akikiacha cheo hiki kisicho na mshindani, huenda kesho nafsi itakitamani na asikipate tena.

Mwisho mwili ulishindwa kuubeba mvutano ule. Ulimi ukafunga. Alikuwa akikaa mbele ya wanafunzi akijitahidi kusema walau siku moja ili awaridhishe waliomjia, na neno halitoki. Kisha tumbo nalo likakataa, hakuweza kumeza tonge wala maji. Matabibu wakamwangalia wakakata tamaa. Walisema maradhi yameanzia moyoni na kutoka humo yameenea mwilini, na hakuna dawa mpaka moyo upumzike. Hapo ndipo alipomwelekea Allah kwa unyonge wa mtu asiye na hila iliyobaki, na baada ya hapo, anasema, ikawa nyepesi juu ya moyo wake kuacha cheo, mali, watoto na marafiki.

Aliondoka Baghdad katika mwezi wa Dhul Qaada mwaka 488, Novemba 1095. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni amekusudia Sham, kwa kuhofia khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Mali yake aliigawa, asibakishe ila kiasi cha kumtosha na chakula cha watoto. Nduguye Ahmad alishika darsa zake Nizamiyya. Maulamaa wa Iraq hawakumwelewa. Kwao kiti kile ndicho kilichokuwa kilele cha daraja za dini, hivyo haikuwaingia akilini kwamba mtu anaweza kukiacha kwa sababu ya dini.

Nilifunga kitabu mara ya pili. Barazani kwetu, kati ya watu tisa, hakuna hata mmoja ambaye angesema anautaka uenyekiti kwa ajili ya dunia. Sote tulikuwa tunaipigania dini, hata tukaikosa swala.

Alifika Damascus, akakaa huko kwa muda. Kazi yake ilikuwa kujitenga, kuizoeza nafsi na kuusafisha moyo. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya na kujifungia humo mchana kutwa. Inasimuliwa pia kwamba mtu huyu ambaye mawaziri walikuwa wakimwendea alishika ufagio akawa anafagia, na watu hawamjui ni nani. Na inasimuliwa kwamba siku moja alipita kwenye darsa, akamsikia mwalimu akinukuu kauli ya Ghazali mbele ya wanafunzi. Akaihofia nafsi yake isije ikaingia ujuba, akauhama mji. Riwaya kama hizi wasimulizi huzipamba, lakini zinaafikiana na aliyoyaandika mwenyewe.

Kutoka Damascus alikwenda Baitul Maqdis, akawa anaingia kwenye Kubba ya Mwamba na kujifungia humo. Alizuru Al-Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.), na hapo, mwaka 489, akaweka ahadi tatu: asipokee mali ya sultani, asiende kwa sultani, na asiingie tena katika mijadala ya kushindana. Baadaye mwaka huo huo alihiji na kuzuru Madina. Miaka mitatu tu baada ya yeye kuswali Baitul Maqdis, mwaka 492 Hijria (1099), mji ule uliangukia mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba. Hakuna anayejua mahali anaposwali leo patakuwa mikononi mwa nani kesho.

Baadaye alipita tena Baghdad, lakini si kwa kiti. Mtu yule yule aliyesimulia kwamba mavazi na mnyama wake vilifika dinari 500 alisema kwamba safari hii waliyakadiria mavazi yake wakayaona ni ya qirati 15, yaani chini ya dinari moja.

Wapo wanaodhani kwamba Imamu aliikimbia familia yake na asitazame nyuma. Mwenyewe anakiri kwamba baada ya hijja, mwito wa watoto ndio uliomvuta kurudi kwao. Akarudi Tus, na huko akawa anachanganya faragha yake na mashughuli ya nyumba na riziki. Anasema kabisa kwamba mambo ya familia na maisha yalikuwa yakimvuruga, na kwamba saa za utulivu alizipata kwa kupokezana tu. Maneno haya yalinifariji. Kama Ghazali naye alivutwa shati na watoto, basi mimi na foleni, ada za shule na bili ya umeme sina udhuru wa kusema kwamba mambo haya ni ya watu wa kale wasiokuwa na majukumu.

Ni katika miaka hii ya kujitenga ndipo alipoandika Ihya Ulumid Din, vitabu 40 ndani ya kimoja, vilivyogawanywa katika robo nne: ibada, ada za maisha, yanayoangamiza na yanayookoa. Si kila mwanachuoni aliyekikubali. Katika nchi ya Andalusia kilichomwa moto mwandishi wake akiwa bado hai. Maulamaa wa hadithi wamekikosoa kwa hadithi dhaifu zilizomo, na al-Hafidh al-Iraqi alifanya kazi ya kuzichambua moja baada ya moja. Ukosoaji huo ni haki, na anayekisoma na akisome pamoja na uchambuzi huo. Lakini nadra kumpata mtu aliyekisoma kwa makini asijikute ndani yake.

Mimi nilijikuta katika kitabu cha 38, kinachohusu kuichunga na kuihesabu nafsi. Ghazali anaizungumzia nafsi kama mfanyabiashara anavyomzungumzia mshirika wake. Mtaji ni umri. Faida ni Akhera. Mwenye mali hampi mshirika mtaji akaenda kulala. Asubuhi anamwekea masharti. Mchana anamwangalia. Jioni anafanya naye hesabu: nini kimeingia, nini kimetoka, wapi pamepatikana hasara. Ikionekana khiyana anamwadabisha, kisha anamlazimisha kufanya juhudi ya kufidia, na hachoki kumlaumu mpaka anyooke.

Ndugu msomaji, sisi watu wa mjini hatuhitaji kufafanuliwa mfano huu. Nenda Kariakoo ukamuulize mwenye duka yeyote kama anaweza kumwachia kijana wa dukani funguo kwa miaka kumi bila kuhesabu mali hata siku moja. Atakucheka. Lakini mtu huyo huyo, na mimi nikiwa wa kwanza, anaiachia nafsi yake umri mzima bila kuifungia hesabu. Tulikuwa tunaidai kamati ya msikiti isome mapato na matumizi ya kodi za fremu, na ilikuwa haki yetu kudai. Ila sikuwahi kuisomea nafsi yangu mapato na matumizi ya siku moja.

Tuendelee na habari yake, kwa maana haikuishia faraghani. Mwaka 499 Hijria (1106), baada ya karibu miaka 11 ya kuacha, alirejea kufundisha, safari hii Nizamiyya ya Nishapur, kwa kuhimizwa sana na waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk. Wapo waliomuuliza vipi amerudi kwenye jambo alilolikimbia na ahadi zake ziko wapi. Alijibu katika kitabu chake kwamba ingawa anaonekana amerudi, yeye hajioni amerudi. Zamani alikuwa akiieneza elimu ambayo kwayo cheo huchumwa, na sasa anaieneza elimu ambayo kwayo cheo huachwa. Aliona pia kwamba kubaki faraghani wakati watu wanaangamia kungeweza kuwa ni uvivu na kupenda raha. Hivyo hata faraghani hakuiamini nafsi yake.

Hapo nikafunga kitabu mara ya tatu, na hili ndilo nililolielewa. Kazi ya Nishapur ilikuwa ile ile ya Baghdad, na mtu alikuwa yule yule. Kilichobadilika kilikuwa nia, na kuibadilisha nia kulimgharimu miaka 11. Nidhamu bila ya kujua unakokwenda ni gari zuri lenye mwendo katika barabara siyo. Na kujua unakokwenda bila ya nidhamu ndiyo ile miezi sita ya kuazimia asubuhi na kutengua jioni. Ghazali alizionja zote mbili kabla hajapona.

Nishapur hakukaa sana. Alirudi Tus, na jirani na nyumba yake palikuwa na madrasa ya wanafunzi na makazi ya masufi. Saa zake alizigawa: kukhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wa moyo, kufundisha. Alifariki tarehe 14 Jumada al-Akhira mwaka 505 Hijria, sawa na tarehe 18 Desemba 1111. Nduguye Ahmad amesimulia kwamba ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alitawadha, akaswali, akaomba aletewe sanda, akaibusu na kuiweka machoni kwake, akatamka kwamba amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Kisha akanyoosha miguu, akaelekea kibla, akafariki kabla jua halijapanda.

Nami sikuweza kuacha kuwaza kwamba mtu huyu alikufa akiwa amekwisha kuswali Alfajiri yake.

Sisi tulioisoma fiqhi ya Imamu Shafi katika pwani hii ya Afrika Mashariki tuko karibu naye kuliko tunavyodhani. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi ni ufupisho wa Muharrar wa Imamu Rafii, naye Rafii ndiye aliyekisherehesha kitabu cha fiqhi cha Ghazali kiitwacho al-Wajiz. Masheikh wetu wamekuwa wakila katika sinia yake miaka mingi, hata kama wanafunzi tuliokaa chini yao hatukuuliza nani aliyepika.

Sasa huenda msomaji anataka kujua uchaguzi uliishaje. Baada ya siku tatu niliwaendea wenzangu barazani, nikawaambia waliondoe jina langu. Wawili walikasirika, na mmoja wao hadi leo salamu yake kwangu ni fupi. Siku ya mkutano nilipolisikia jina la mwingine likishangiliwa, kifua kilinibana. Nikajua kwamba jina limetoka kwenye orodha lakini halijatoka moyoni.

Simshauri mtu aache uongozi. Misikiti yetu inahitaji watu waaminifu wa kusimamia mali za waqfu, na wote wenye uwezo wakijitoa kwa kudai wanajitakasa, fremu zitabaki na wasioogopa kitu. Ghazali mwenyewe alirudi kwenye darsa alipoona anahitajika. Ninachosema ni kwamba kabla mtu hajaiomba jamaa ya Waislamu imkabidhi hesabu zao, aifungie kwanza nafsi yake hesabu ya siku moja, na ajiulize: kiti hiki nikikikosa, nitabaki naswali katika msikiti huu huu kwa moyo ule ule? Jibu likiwa ndiyo, agombee, na Allah amsaidie. Jibu likiwa hapana, basi anachokitaka si msikiti.

Tangu siku ile ninalo daftari dogo kando ya kitanda. Usiku naandika mistari mitatu minne: nilichoahidi asubuhi, nilichotimiza, nilichokosa. Kurasa nyingi ni za hasara. Zipo Alfajiri ninazozikosa bado. Lakini siku nikifika mapema namkuta mzee yule ameshafungua mlango, amejaza maji, amekaa anasubiri adhana. Hujibu salamu, hujulia hali ya watoto, na kunisogezea kopo la kutawadhia. Hajawahi kuniuliza habari za uchaguzi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, azisafishe nia zetu kabla ya kuzisafisha kamati zetu, na ajaalie hesabu tutakayoifanya leo iwe nyepesi kuliko ile tutakayofanyiwa kesho. Amin.